Kabla Hujachomeka Adapta ya Wi-Fi kwenye Kompyuta ya Zamani

Ukiingia ofisi za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), shule za sekondari na steshenari za Mtwara, Masasi, Newala au Tandahimba, utakuta kompyuta za zamani ambazo bado zinapiga kazi: Dell OptiPlex, HP Compaq, na laptopu zilizopita mikononi mwa watu wengi. Nyingi hazina Wi-Fi ndani, au ilikuwamo ikafa. Dawa yake ni adapta ya nje, kile kidude cha kuchomeka kwenye USB, na bei yake haitishi. Kinachotesa ni kwamba kompyuta isiyo na mtandao hukuomba mtandao ili ipakue draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa) ya kukupa mtandao. Ukikwama hapo jioni na orodha ya malipo ya wakulima inatakiwa asubuhi, hakuna fundi atakayekuokoa kwa simu. Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike kabla hujachomeka chochote, na ifanyike miezi ya Juni mpaka Agosti, maana Oktoba minada ya korosho ikishaanza hakuna karani mwenye nafasi.

Anza kwa kujiuliza kama unahitaji Wi-Fi kweli. Ruta ikiwa chumba kimoja na kompyuta, waya wa mtandao unaishinda adapta yoyote. Hauyumbi mlango ukifungwa, hauombi pasiwedi, na mara nyingi draiva yake imo ndani ya Windows tayari. Kama tundu la waya limeungua kwa radi, nunua adapta ya USB ya waya. Yenye chipu ya ASIX AX88772 inatosha kabisa, inatoa megabiti 100 kwa sekunde. Ya gigabiti usiilipie zaidi kwa kompyuta yenye USB 2.0, kwa sababu tundu lenyewe mwisho wake ni megabiti 480, na hizo ni za kwenye karatasi. Wi-Fi ibaki kwa pale ambapo ruta iko kwa mkuu wa shule na kompyuta ziko maabara, au mtandao wenyewe unatoka kwenye simu ya karani.

Pili, ijue kompyuta yako kabla ya kwenda dukani. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na Pause, uandike kwenye karatasi ni Windows gani na ni ya biti 32 au 64. Draiva ya biti 64 haiingii kwenye Windows ya biti 32, ubembeleze utakavyo. Kama ni XP, hakikisha ina Service Pack 3 (furushi la tatu la masasisho yake), kwa sababu bila hiyo usalama wa WPA2 unaotumika na karibu kila ruta unaweza kuisumbua. Tazama na matundu ya USB: ya bluu ndani kwa kawaida ni 3.0, meusi au meupe mara nyingi ni 2.0. Windows 7 yenyewe haikuja na draiva za USB 3.0, hivyo kwenye mashine hizo tumia tundu la 2.0 usipate shida ya bure.

Sasa tuje kwenye chipu, na hapa naomba usinipite haraka, maana ndipo pesa za watu zinapopotelea. Jina kubwa kwenye boksi halikusaidii sana, kinachoamua ni chipu iliyo ndani. Mfano unaojulikana ni TP-Link TL-WN722N. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, na kuanzia toleo la pili ikawekwa ya Realtek RTL8188EUS. Jina ni lilelile, draiva ni nyingine kabisa. Tofauti utaiona kwenye kibandiko kidogo tu, palipoandikwa V1, V2 au V3. Adapta zisizo na jina ndizo zenye utata zaidi, kwa kuwa mbili zenye sura moja zinaweza kubeba chipu tofauti.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yake. Fungua Device Manager, yaani orodha ya vifaa vya kompyuta (andika devmgmt.msc kwenye sehemu ya kutafutia), bofya kulia kwenye kifaa hicho, ingia Properties, kisha Details, kisha chagua Hardware Ids. Utaona mstari kama USB\VID_0BDA&PID_8179. Sehemu ya VID ndiyo kampuni: 0BDA ni Realtek, 148F ni Ralink iliyokuja kumilikiwa na MediaTek, 0CF3 ni Atheros. Sehemu ya PID ndiyo kifaa chenyewe: 8179 ya Realtek ni RTL8188EU, 7601 ya Ralink ni MT7601U. Piga picha mstari huo kwa simu. Ukiwa nao, draiva utaipata. Usipokuwa nao, utazunguka kwenye tovuti zinazojidai kugawa draiva bure kumbe zinakuwekea programu za ajabu.

Kwa wanaoagiza Kariakoo na kupokea kwa basi, mwambie muuzaji akutumie picha hiyo kabla hajafunga mzigo. Kurudisha adapta isiyofaa si safari fupi, na barabara yetu haina uhakika kila msimu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua, njia ya Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara ilikatika upande wa Somanga na mabasi yakakwama.

Mimi kwa kompyuta ya Windows 7 yenye USB 2.0 sihangaiki na adapta za Wi-Fi 6. Nyingi zimetengenezewa Windows 10 na 11, na mashine yenyewe haitaiona faida yake. Adapta ya kiwango cha n (802.11n) inayofanya kazi bendi ya GHz 2.4 inatosha kwa barua pepe, fomu na mifumo ya ofisi. Bendi ya GHz 5 ina kasi, lakini hupenya ukuta kwa shida, na ukiwa ndani ya nyumba za kale za Mikindani, zile za mawe na chokaa, utaona tofauti hiyo ukivuka chumba kimoja tu.

Ukishajua chipu, pakua draiva kwa kompyuta nyingine na uiweke kwenye flashi. Pakua kutoka kwa mtengenezaji wa adapta, ile ya Windows yako na ya biti zako. Usitegemee kile kisidii kidogo kilichomo kwenye boksi: mashine za umri huu, sehemu yao ya CD aidha imekufa au haimo. Kwa Windows 7 ongeza faili moja muhimu, sasisho la Microsoft namba KB4474419 la mwaka 2019. Draiva mpya hupewa saini ya kidijiti ya mtindo wa SHA-2, na Windows 7 isiyo na masasisho hayo huikataa saini hiyo. Utaweka draiva, utaona imeingia, kisha alama ya njano itabaki palepale ikikwambia saini haijathibitishwa. Wengi hapo huitupa adapta nzima wakidhani ni mbovu.

Uwe na njia ya akiba pia. Simu ya Android ukiiunganisha kwa kebo na kuwasha kushiriki mtandao kwa USB, huwa mtandao wa muda, na Windows 7 na 10 kwa kawaida huitambua bila draiva ya ziada. Jaribu njia hii siku ya maandalizi, kwa kebo ileile utakayoitumia, kwa sababu kebo nyingi za mtaani zinachaji tu na hazipitishi data.

Kuna adapta zinazouzwa kama hazihitaji draiva. Kwa kweli draiva imo ndani yake. Ukiichomeka, kompyuta haioni Wi-Fi bali inaona sidii, na ukiifungua sidii hiyo unakuta faili ya kusakinisha. Ukishaisakinisha, kifaa hujigeuza kuwa adapta. Ukikuta VID_0BDA na PID_1A2B ujue ndiyo hali hiyo, wala usimlaumu muuzaji kwamba amekuuzia flashi. Ni adapta nzuri kwa asiye na mtandao, ilimradi draiva iliyomo inaikubali Windows yako.

Upande wa ruta au simu nao una maandalizi yake, na husahauliwa. Simu za sasa zinaweza kurusha hotspoti kwa bendi ya 5, na adapta ya 2.4 haitaiona hata ukiiweka juu yake. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, chagua 2.4, na usalama uwe WPA2. WPA3 ilikuja 2018, na Windows 7 haiijui. Kwenye ruta chagua chaneli 1, 6 au 11, maana baadhi ya adapta zilizotengenezewa soko la Marekani hazizioni chaneli 12 na 13. Pasiwedi iandike kwa mkono, herufi kubwa na ndogo zionekane.

Halafu matundu yenyewe. Tunaishi pwani, na hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Chukua tochi uangalie ndani ya tundu la USB: vile vibati vinne vinatakiwa ving'ae. Ukiona ukijani au ukungu mweupe, hamia tundu jingine, au zima mashine, chomoa umeme, usafishe kwa brashi laini na spiriti ya asilimia kubwa, kisha iache ikauke. Matundu ya nyuma ya kompyuta ya mezani yameungwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, ya mbele yanapitia nyaya nyembamba za ndani. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, na adapta yenye antena kubwa ikipata pungufu ya inachotaka itakuwa inakatika na kurudi. Chomeka nyuma, lakini usiiache imejificha nyuma ya kasha la chuma ikitazama ukuta. Kebo ya kurefusha ya mita moja, adapta ikae juu ya meza, itakusaidia kuliko kununua adapta ya pili.

Kabla ya kugusa draiva, nakili kazi zote. Daftari la wakulima na matokeo ya wanafunzi yawe sehemu mbili nje ya kompyuta hiyo. Tengeneza na pointi ya kurudishia mfumo (restore point) ili draiva ikileta balaa urudi ulipokuwa. Umeme ukiwa unacheza siku hiyo na huna UPS, ahirisha. Kwenye laptopu, izime kadi ya ndani iliyokufa kupitia Device Manager, na uangalie swichi ndogo ya Wi-Fi pembeni. Kwenye Windows 7 fungua services.msc uhakikishe WLAN AutoConfig imewashwa. Ikiwa imezimwa, hata adapta isiyo na kasoro haitaonyesha mtandao wowote.

Jambo moja nalisema kwa kulijali, kwa sababu huwavunja watu moyo baada ya kazi yote. Adapta italeta mtandao, lakini haitaifanya kompyuta kuwa mpya. Microsoft iliacha kuihudumia XP mwezi Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha 14 Oktoba 2025. Chrome ya mwisho kwa Windows 7 ni toleo la 109. Tovuti nyingi za sasa hazifunguki kwenye kivinjari cha enzi za XP, hata mawimbi yawe yamejaa. Kama mashine ina RAM ya GB 2 au zaidi na prosesa ya biti 64, fikiria kuweka Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure unaokaa badala ya Windows. Chipu kama AR9271 na MT7601U huko hufanya kazi bila kupakua kitu. Na angalia saa ya kompyuta: betri ya CR2032 ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka, na kila tovuti salama itakukatalia ikidai cheti si halali. Betri hiyo ni ya bei ndogo, nunua pamoja na adapta.

Siku ya kufunga, soma maelekezo ya draiva kwanza. Baadhi hutaka usakinishe ndipo uchomeke, nyingine kinyume chake. Ikishaunganika kwenye Windows 10, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo na uwashe Metered connection (mpangilio wa kubana matumizi ya data) kabla hujafungua ukurasa wowote, la sivyo masasisho yataanza kushuka na bando la ofisi litaisha kabla ya saa sita. Zima kompyuta kabisa, iwashe tena, uone kama inajiunga yenyewe. Ikikubali, andika namba ya chipu na tundu lililotumika kwenye kipande cha karatasi, ukibandike pembeni ya kasha. Flashi yenye draiva iwekwe kwenye droo ya karani, na isikopeshwe mtu wa kubebea muziki.