Mrejesho wa papo kwa papo kwa wakimbiaji chipukizi: hatua tunazozifuata uwanjani

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu wa Busia alinipigia simu mara tatu kwa siku moja, kwa sababu saa janja alizopewa kwa ajili ya vijana wake zilikuwa zikionyesha mapigo ya moyo ambayo hakuweza kuyaamini. Nimeziandika hapa hatua tulizozifuata ili kumpa kijana mrejesho, yaani kumjulisha anavyokimbia akiwa bado uwanjani, pamoja na yale niliyojifunza nikiwafundisha vijana wa miaka 13 hadi 16 hapa Kapchorwa.

Hatua ya kwanza: chagua kipimo kimoja kwa kila zoezi, ama kasi ama mapigo ya moyo. Mtoto anayehema hawezi kuzifanyia kazi tarakimu mbili kwa pamoja.

Hatua ya pili: pima uwanja kwa utepe na uweke koni kila mita 100. GPS ya saa hukosea kwenye kona za mzunguko mfupi, kwa hiyo usiitegemee.

Hatua ya tatu: kasi. Mkimbiaji wa Uganda Joshua Cheptegei alipovunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 mjini Monaco tarehe 14 Agosti 2020, kwa dakika 12 na sekunde 35.36, taa zilizopangwa kwenye ukingo wa ndani wa uwanja zilikuwa zikiwaka kwa mfuatano kwa kasi iliyowekwa mapema, naye akawa anaona muda wote kama yuko mbele au nyuma ya lengo. Sisi hatuna taa hizo, lakini filimbi hufanya kazi ileile. Kijana anayelenga kumaliza mita 800 kwa dakika 2 na sekunde 56 anapaswa kutumia sekunde 22 kwa kila mita 100. Basi puliza filimbi kila sekunde 22, na akiisikia kabla hajaifikia koni yake ajue amechelewa. Mimi naipendelea filimbi kuliko saa yoyote ya mkononi. Niliwahi kumvisha saa binti wa miaka 14, akawa anaugeuza mkono kila baada ya hatua chache ili atazame skrini, bega la kushoto likishuka, na kwenye kona ya pili akaingia katika njia ya mwenzake. Nilipomvua ile saa, bega lilirudi mahali pake siku hiyohiyo.

Hatua ya nne: mapigo ya moyo. Hapa ndipo mwenzangu alipokwama, na mimi kabla yake. Saa ya mkononi humulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kusoma mtiririko wa damu. Asubuhi ya baridi mishipa ya ngozi husinyaa, na kwenye mkono mwembamba wa mtoto saa huchezacheza, hivyo kihisi huweza kuanza kuhesabu mtikisiko wa mkono badala ya moyo. Asubuhi moja saa zangu zilionyesha takriban 176 kwa karibu kila kijana, hata katika mbio za polepole. Nikadhani wanaumwa, nikasimamisha mazoezi. Baada ya saa nyingi za mahangaiko ndipo nilipohesabu hatua zao: 44 kwa sekunde 15, yaani 176 kwa dakika. Kwa hiyo, kabla ya kuiamini saa, msimamishe kijana, gusa mshipa wa shingo papo hapo, hesabu kwa sekunde 10, kisha zidisha kwa 6. Usikawie, kwani mapigo hushuka haraka akishasimama.

Ukiweza, tumia mkanda wa kifuani, ambao husoma umeme wa moyo wenyewe. Lowanisha kwa maji sehemu zinazogusa ngozi, na uukaze usiteleze. Wasichana wajivalishe wenyewe faraghani, au wasaidiwe na mwalimu wa kike. Jambo hili lisipuuzwe hata kidogo. Mkanda uvaliwe kwanza ndipo utafutwe kwenye simu, kwa sababu mingi hulala isipogusa ngozi. Ikiwa simu yako bado haiuoni, zima bluetooth kwenye simu nyingine zote zilizowahi kuunganishwa nao: mwenzangu wa Busia alihangaika nusu siku, kumbe mkanda ulikuwa umeshaungana na simu iliyokuwa mfukoni mwa msaidizi wake. Unganisha mmoja mmoja, na uandike namba juu ya kila mkanda.

Kanuni ya 220 kutoa umri, ya kukadiria kikomo cha mapigo ya moyo kwa dakika, usiitumie kwa watoto. Humpa kila mwenye miaka 14 kikomo cha 206, ilhali mioyo yao hutofautiana sana. Katika mbio nyepesi naangalia kama anaweza kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi.

Hatua ya tano: punguza mrejesho. Anza na filimbi kila mita 100, baada ya wiki mbili iwe kila mita 200, kisha iache kabisa, kwa kuwa siku ya mashindano hakuna atakayempulizia. Akivuka mstari, ficha saa na umuulize: "Umekimbia kwa muda gani?" Ngoja ajibu kwanza, ndipo umwonyeshe. Akikosea kwa zaidi ya sekunde 3, mrudishie filimbi kwa zoezi moja, kisha umuulize tena.