Kuchora fonti ya pikseli: anza na m na w

Ukichora fonti ya pikseli (herufi zilizojengwa kwa vimraba) ya mchezo wa kompyuta, usianze na a. Anza na m na w, maana hizo ndizo zinazoamua upana wa herufi zote. Herufi m inataka miguu mitatu na nafasi mbili katikati, yaani safu wima 5 za pikseli. Ukiipa 4, miguu inagandana na neno "mwalo" linasomeka kama doa. Kwa hiyo kila herufi ipate pikseli 6: 5 za umbo, 1 tupu kulia. Kimo ni 8: mistari 7 juu ya msingi, 1 chini kwa mikia ya g, j, p na y.

Katika FontForge, programu ya bure, weka kimo cha juu 896 na cha chini 128. Jumla ni 1024, hivyo pikseli moja ni vipimo 128 na upana wa kila herufi ni 768, hata i (iwekee kofia na kiatu ijaze nafasi yake). Miraba ya pikseli ikishapangwa, iunganishe iwe umbo moja, la sivyo nyufa nyembamba huonekana ndani ya herufi.

Alama ya ng' husahaulika mno, na kwa mchezo wenye wahusika wa Kisukuma kama Ng'wandu hilo ni kosa kubwa. Ichore nene, pikseli 2 kwa 2 na mkia mmoja chini kushoto, isiache pengo. Kisha inakili kwenye nafasi mbili za Unicode, U+0027 (alama iliyonyooka) na U+2019 (iliyopinda), kwa sababu baadhi ya simu hubadilisha iliyonyooka kuwa iliyopinda. Isipokuwepo, kisanduku kitupu kinatokea katikati ya jina la mtu.

Ndani ya mchezo, zima ulainishaji wa kingo na tumia saizi 8, 16, 24 au 32 tu. Saizi 12 hufanya pikseli moja iwe moja na nusu, na herufi zinavimba upande mmoja. Kioo nacho kina hesabu yake: mchezo wa pikseli 320 kwa 180 kwenye laptopu ya 1366 kwa 768 ukuze mara 4 kamili, uache ukingo mweusi wa pikseli 43 kila upande na 24 juu na chini. Usiuvute ujaze kioo.

Jaribu kwa orodha ya bei ya samaki, kama zile za Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza:

Sangara  12000
Sato      9500
Dagaa     3000

Tarakimu zisiponyooka, kuna herufi yenye upana tofauti na 768. Sifuri ikichanganywa na O, itie nukta katikati.