Kodi kwenye televisheni ya 4K: menyu ibaki 1080

Kama una televisheni ya 4K na unatazamia filamu kwenye Kodi (programu ya kuchezea video), menyu yake iache kwenye 1920×1080, hezi 60 (skrini ionyeshe picha 60 kwa sekunde). Ikichorwa kwa 3840×2160, yaani 4K, kifaa kidogo kama Raspberry Pi kinalemewa na orodha ya filamu inakwamakwama, ilhali machoni hupati faida ya maana.

Kisha ingia kwenye mipangilio, ruhusu Kodi ibadilishe kasi ya picha video inapoanza na inapoisha, na kwenye orodha ya saizi zinazoruhusiwa tia alama 1080 na 2160 kwa kasi zote ambazo televisheni yako inazikubali (orodha isipoonekana, pandisha ngazi ya mipangilio). Sasa filamu ya 4K itatoka kwa 4K kamili.

Tafadhali usiruke hilo la kasi. Filamu nyingi za sinema zina picha 24 kwa sekunde; kwenye hezi 60, picha moja huonyeshwa mara 3 na inayofuata mara 2, ndiyo maana kamera ikigeuka taratibu unaona mishtuko.

Menyu ikikatika pembeni? Shika rimoti ya televisheni, uzime ukuzaji wa picha.