Unasomea sauti chuoni? Usiishie kwenye midundo
Kutengeneza midundo kuna watu wengi. Filamu, matangazo na redio vinataka anayejua kurekodi mazungumzo safi. Weka rekoda kwenye biti 24 na kilohezi 48 (yaani sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde), ndicho kipimo cha video. Faili ya kilohezi 44.1 ikichezwa kama 48, maneno yanakimbia, sauti inakuwa nyembamba na midomo haiendani nayo. Vilele vya sauti, pale inapopanda zaidi, viishie karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha rekoda. Sauti ikigonga 0, kikomo cha rekoda, inapasuka, na kuirekebisha baadaye ni kazi ya kubahatisha. Zima feni na jokofu kwanza (jokofu ndilo husahaulika). Kabla ya kufungasha vifaa, rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba hicho hicho. Mhariri atazibia nazo mapengo.