Supu nzito ya kuku kwa tui la nazi: chakula cha jioni cha siku ya kazi ughaibuni

Mtanzania au Mkenya anayepika supu ya kuku kwa mara ya kwanza akiwa Leeds, Toronto au Minneapolis kwa kawaida hufuata utaratibu uleule aliouzoea nyumbani: kuku, kitunguu, tangawizi, chumvi na maji ya kutosha, kisha sufuria huachwa ichemke yenyewe. Baada ya saa moja hujikuta na maji ya manjano yasiyo na ladha, pamoja na nyama iliyochambuka ikawa kama pamba. Kosa si la mpishi. Kuku wa kienyeji aliyetembea uwanjani kwa miezi kadhaa ana mifupa iliyokomaa na mishipa inayoyeyuka polepole na kuacha ule ute unaonatisha midomo, ilhali kuku wa dukani huku huchinjwa akiwa na umri wa wiki chache tu, na huiva kabla hajaipa supu chochote. Kwa hiyo anayetaka supu nzito na laini, inayopikwa ndani ya sufuria moja na kufika mezani kwa muda usiozidi saa moja, hana budi kuacha kuutegemea muda na kuutafuta uzito mahali pengine: katika ngozi na mifupa iliyokaangwa kwanza, katika kiazi kinachosagika, na katika tui la nazi linaloingia mwisho.

Mapishi ya huku kwa supu ya namna hii huagiza krimu ya maziwa na unga wa ngano uliokaangwa kwa siagi. Sioni haja ya kuyafuata. Mtori wa Kilimanjaro ni mlaini kuliko supu nyingi za krimu, na ulaini wake unatokana na ndizi zilizopondwa. Nao mchuzi wa kuku wa Pwani umekuwa ukipata uzito wake kwenye nazi tangu zamani. Supu ninayoieleza hapa inachukua wanga kwa mtori na tui kwa Pwani, na inatosha watu wanne.

Tuanze na kuku. Nunua kilo moja ya mapaja yenye mfupa na ngozi, si minofu ya kidari, kwa sababu kidari hukauka dakika chache tu baada ya kuiva na hakina mfupa wa kuipa supu ladha, juu ya kwamba mara nyingi ndicho ghali zaidi. Ukibahatika kuwa karibu na bucha la halali au duka la Waasia, ongeza miguu minne ya kuku, ile yenye kucha, ambayo huuzwa kwa bei ndogo. Ndani yake mna ute mwingi, nao utarudisha sehemu ya kile alichokosa kuku wa dukani. Kuku mzee wa mayai pia hupatikana katika mabucha hayo na supu yake ni tamu kweli, lakini anahitaji saa mbili au zaidi jikoni, kwa hiyo mwachie Jumamosi. Walioko Marekani wasome lebo kwa makini: baadhi ya kuku wa supamaketi hudungwa maji ya chumvi, na lebo hutaja asilimia yake kwa maandishi madogo. Kuku huyo hutoa maji mengi akikaangwa na tayari ana chumvi, kwa hiyo punguza ya kwako.

Suala la kuosha kuku huzua ubishi katika kila jiko la Waswahili. Tumelelewa tukimwosha kwa ndimu na chumvi, na wengi wetu hatuwezi kumpika bila kufanya hivyo. Mamlaka za chakula za Uingereza na Marekani zinashauri kuku mbichi asioshwe kabisa, kwa sababu maji ya bomba yanayomgonga hurusha matone yenye bakteria kwenye sinki, vyombo na kachumbari iliyo karibu, ilhali moto wa jikoni unawaua bakteria hao bila msaada wa maji. Njia ninayoitumia ni kumsugua kuku kwa ndimu na chumvi ndani ya bakuli, bila kufungua bomba, kisha kumkausha kwa karatasi za jikoni. Moyo unaridhika na sinki linabaki salama. Tena kumkausha kuna faida nyingine, kwani ngozi yenye maji haikaangiki.

Tui ndilo linaloharibu supu nyingi, na mara nyingi linaharibiwa dukani kabla ya kufika jikoni. Nyumbani tulikuwa na mbuzi ya kukunia na kifumbu cha kuchujia, na tui lilitoka kwa madaraja: kasimile, yaani lile la kwanza lililo zito, kisha tui jepesi la maji ya pili. Kwenye rafu za huku mambo hayo yote yamechanganywa, na majina ya kwenye makopo hayasaidii sana. Kuna kopo la tui kamili la mililita 400, ambalo ndilo unalolitaka. Kuna tui lililopunguzwa mafuta, ambalo kimsingi ni tui kamili lililoongezwa maji, na si busara kulipa fedha kwa ajili ya maji. Kuna kinywaji cha nazi cha kwenye boksi, kinachowekwa pamoja na maziwa ya soya, ambacho hakifai kwa mchuzi wowote. Halafu kuna krimu ya nazi yenye sukari, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchanganyia vinywaji vya baa. Hiyo niliinunua katika majira yangu ya kwanza ya baridi bila kusoma lebo, na supu yangu ikawa na ladha ya kashata ya kuku. Geuza kopo usome jedwali la nyuma: mafuta yakiwa gramu 15 au zaidi kwa kila mililita 100, hilo ni tui la kweli, yakiwa chini ya gramu 10, lirudishe.

Unga wa tui wa kwenye pakiti hufaa ukiwa na haraka, ila aina nyingi huwa na protini ya maziwa ndani yake, jambo linalowahusu wale ambao tumbo lao halipatani na maziwa au wenye mtoto mwenye mzio. Bora kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni nazi iliyokunwa na kugandishwa, inayouzwa katika friza za maduka ya Wahindi na Wafilipino. Gramu 400 za nazi hiyo, zikisagwa kwenye blenda kwa maji ya uvuguvugu nusu lita na kukamuliwa kwa kitambaa safi, hutoa tui lenye harufu ambayo hakuna kopo linaloweza kuifikia. Hata hivyo, siku ya Jumanne baada ya kazi, kopo linatosha. Liweke kwenye jokofu tangu asubuhi bila kulitikisa, na jioni utakuta kasimile imeganda juu na tui jepesi limebaki chini. Baadhi ya makopo yametiwa gundi ya guar, inayoandikwa E412, na hayo hayatajitenga. Yatumie kama yalivyo.

Viungo vingine havina usumbufu: vitunguu maji viwili, punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, nusu kijiko cha bizari nyembamba, pilipili manga, karoti mbili, ndimu moja na fungu dogo la kotimiri, ambayo Wakenya wanaijua kama dania. Badala ya pilipili mbuzi tumia habanero au scotch bonnet, kwa kuwa zote ni za jamii moja na harufu yake inakaribiana sana. Nyanya iache kabisa. Asidi yake ni adui wa tui. Viazi vinahitaji gramu 400, na aina yake ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Unataka kiazi cha unga, kinachovunjika kikiiva, kama Maris Piper au King Edward kwa Uingereza na Russet kwa Marekani, kwani vile viazi vidogo vya ngozi nyekundu hubaki vigumu hata ukivichemsha hadi usiku. Asiyetaka viazi atumie ndizi mbichi tatu au muhogo wa kugandishwa, mradi muhogo uanze kuchemka mapema.

Kuhusu sufuria, chagua yenye kitako kizito na mfuniko unaofunga vizuri, ya lita 4 au 5. Sufuria za aluminiamu tulizobeba kwenye mabegi zina mapungufu mawili huku: kitako chake chembamba huunguza vitunguu, na juu ya jiko la induksheni hazipati moto kabisa. Jaribu kwa sumaku. Ikinata kwenye kitako, sufuria itafanya kazi. Kabla ya kuanza kukaanga, washa feni ya kutolea moshi na ufungue dirisha kidogo, la sivyo kengele ya moshi itawatangazia majirani wote kwamba unapika.

Pasha kijiko kimoja cha mafuta kwa moto wa wastani, kisha laza mapaja, ngozi ikiwa chini, na usiyaguse kwa dakika 8. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosa subira, maana tumezoea kumtia kuku majini moja kwa moja. Ngozi ikiwa tayari itaachia kitako yenyewe. Ukiona bado inang'ang'ania, haijafika. Geuza kwa dakika 2, kisha toa vipande uviweke kwenye sahani. Kitakachobaki chini ni mafuta ya kuku na ukoko mwembamba wa rangi ya kahawia, na ukoko huo ndio utakaoifanya supu ya dakika 50 ionekane kama imepikwa mchana kutwa.

Yakizidi mafuta, yapunguze yabaki vijiko viwili vya mezani. Tia vitunguu vilivyokatwa vidogo na chumvi kidogo, uvikaange polepole kwa dakika 6 hadi vilegee bila kuungua, kisha ongeza saumu na tangawizi iliyopondwa, halafu bizari zote mbili, na koroga kwa nusu dakika tu kwa sababu bizari iliyoungua huwa chungu na haiponi. Mimina mililita 800 za maji yanayochemka kutoka kwenye birika la umeme huku ukikwangua kitako kwa mwiko wa mti. Rudisha kuku pamoja na maji yote aliyoyaachia sahanini, tia miguu kama unayo, karoti na viazi. Nusu ya viazi ikatwe vidogo sana ili viyeyuke, na nusu nyingine vipande vya kutafunika. Weka pilipili nzima juu, isiyopasuliwa, itoe harufu bila ukali. Funika, punguza moto, na acha itokote taratibu kwa dakika 25. Mwenye kipimajoto cha nyama ahakikishe sehemu nene ya paja imefika nyuzi joto 74 za Selsiasi. Asiye nacho achome kwa kisu karibu na mfupa na aone kwamba hakuna damu.

Toa pilipili kabla haijapasuka. Ponda viazi vidogo kwa mgongo wa mwiko ukivigandamiza ubavuni mwa sufuria, na utaona maji yakibadilika kuwa mazito mbele ya macho yako. Sasa punguza moto hadi wa chini kabisa na mimina tui jepesi, ukoroge, likifuatiwa na kasimile kijiko kwa kijiko. Kuanzia hapa sufuria haifunikwi tena. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji na kushikiliwa na protini, na moto mkali huzigandisha protini hizo, mafuta yakajitenga na kuelea. Ndiyo maana wazee wa Pwani walisimama juu ya sufuria wakikoroga bila kuacha, wakiogopa tui lisikatike. Dakika 5 za kukoroga zinatosha, na supu isichemke kwa mapovu makubwa, bali itetemeke tu pembeni. Ondoa motoni, onja chumvi, na ndipo ukamue ndimu na kunyunyiza kotimiri. Ndimu ikitangulia, asidi yake hulikata tui kama nyanya.

Tui likikatika licha ya tahadhari hizo, usimwage supu. Chota bakuli moja lenye viazi vyake, usage kwenye blenda ukiwa umeacha upenyo wa mvuke, kisha urudishe na ukoroge; wanga wa viazi utayashika tena mafuta, walau kwa muda wa kula. Anayeishi mji mdogo usio na nazi anaweza kutumia mililita 200 za krimu ya maziwa yenye mafuta asilimia 36 au zaidi, kwa kuwa krimu nyepesi ndiyo hugandiana haraka inapokutana na joto na ndimu. Ladha itakuwa nyingine, lakini ni supu nzuri.

Mkate wa boflo haupatikani huku, ila bageti iliyopashwa kwenye oveni inaukaribia vya kutosha kwa kuchovyea. Wali mweupe unafaa pia. Chapati za kusukuma si kazi ya usiku wa wiki, labda ziwepo zilizobaki.

Supu inayobaki iingie kwenye jokofu ndani ya saa 2 na iliwe ndani ya siku 3 au 4, ikipashwa kwa moto mdogo au kwa nusu ya nguvu ya maikrowevu. Kuigandisha ikiwa na tui si kuzuri, kwa sababu ikiyeyuka hujitenga, na vipande vya viazi huwa kama mchanga mdomoni. Ninachofanya miezi ya Novemba hadi Februari, wakati giza linaingia kabla sijatoka kazini, ni kupika msingi wa supu maradufu siku ya Jumapili, kuponda viazi vyote, na kugandisha nusu kabla ya hatua ya tui. Siku ya Jumatano ninaihamisha kutoka friza hadi jokofu asubuhi, na jioni ninaichemsha, ninafungua kopo, na ninakata kotimiri wakati tui linapata moto.