Somo: kitenzi cha Kiingereza "manipulate", kabla hujakiandika kwenye barua ya kazi

Ndugu zangu wa Goma na kwingine, juma hili nimeulizwa neno hili mara nne, na wawili kati ya waliouliza walikuwa wamekwisha kutuma barua zao. Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena, mleteni huku.

1. Matamshi: ma-NI-pyu-leit. Sauti inapanda kwenye NI. Usilitamke kama Kifaransa.

2. Lazima useme unachokishika. "I manipulate well" ni sentensi iliyokatika.

3. Asili: Kilatini manus, mkono, kikazaa manipulus, yaani konzi, kile kinachojaza mkono mmoja. Ndiyo maana maana ya kwanza ni ya mikono.

4. Maana ya mikono: kukigeuza au kukiendesha kitu kwa ustadi. Daktari wa upasuaji anamanipulate vifaa vyake, fundi wa mitambo anamanipulate vyuma vya kuiongozea. Mwangalieni kijana wa chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, akiteremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi: vidole vinakaza na kulegeza usukani, goti liko juu ya ubao, mguu mwingine tayari kukanyaga kipande cha mpira kinachobana gurudumu la nyuma. Ule usukani unaweza kusema anaumanipulate. Chukudu yenyewe, Mwingereza atasema "he handles it well".

5. Kompyuta: "manipulate data", "manipulate images". Ni kupanga, kuchuja, kubadili umbo. Hapa hakuna ubaya.

6. Pesa na hesabu. Hapa someni polepole, maana hapa ndipo nilipoanguka mimi. Niliomba kazi ya mtunza fedha kwenye shirika moja hapa mjini. Kichwani nilikuwa na Kifaransa, "manipuler des fonds", kushika pesa za watu, jambo la kujivunia. Nikaandika: "For three years I manipulated cash and accounts." Niliitwa, nikakaa mbele ya watu watatu, na mama mmoja akanisomea sentensi yangu kwa sauti, kisha akauliza kama ninaelewa nilichoandika. Sikuelewa. Kwa Kiingereza nilikuwa nimekiri, kwa maandishi na kwa jina langu, kwamba nimechezea hesabu miaka mitatu. Kazi sikupata. Kosa hilo nisingependa limfike mtu mwingine.

Kwa hiyo: "accounts", "figures", "prices", "votes", "results" zikifuata manipulate, msomaji anasikia udanganyifu. Pesa andika "I handled cash". Vitabu vya hesabu andika "I kept the accounts". Mashine andika "I operated". Na "manipulator" usijiite kamwe. Ufaransa "manipulateur" anaweza kuwa mfanyakazi wa radiolojia anayepiga picha za mifupa; kwa Kiingereza, mtu akiitwa hivyo, ametukanwa.

7. Watu: siku zote ni ubaya. Muundo ni "manipulate someone into doing something". "They manipulated him into signing": walimzungusha mpaka akatia sahihi. Si sawa kabisa na kulaghai, maana anayelaghai anasema uongo. Huyu anaweza kusema kweli tupu, ila anaishika huruma yako, au hofu yako, na kuivuta anakotaka.

MASWALI

Kijana wa Birere: Mwalimu, kwa kifupi maana yake nini?
— Namba 4 mpaka 7. Soma.

Kijana wa Birere: Lakini Kifaransa na Kiingereza si neno lile lile? Miye naona unatutisha bure.
— Herufi zinafanana. Namba 6 imenigharimu kazi, ndugu yangu, sikuitunga. Ukitaka kuandika vile, barua ni yako.

Mama Lulenga: Aksanti mwalimu. Binti yangu yuko kwenye maabara chuoni, huko wanaita mazoezi yao "manipulations". Kwenye CV ya Kiingereza aandike nini?
— Mama, umeuliza vizuri sana, hata mimi sikuwa nimelifikiria. Aandike "laboratory practicals" au "lab work". Akitaka kuonyesha ustadi, ataje kitu chenyewe: "handling samples", "preparing slides". Mwajiri aone mikono yake ilifanya nini. Akimaliza aniletee, nitaisoma bure.

Fizio Bukavu: Sisi tunaonyoosha viungo je? "Manipulate the spine" ni tusi?
— Hapana kaka, hilo ni neno halali la kazi yenu. Ila taja kiungo. Ukiandika "I manipulate patients", umewageuza wagonjwa kuwa watu unaowachezea akili.

Yaya Nyota: Na "control"? Kule mpakani tunasema wanakontrole mizigo.
— Yaya, huo ni mtego wa pili. Kukontrole kwetu kumetoka "contrôler", kukagua. "Control" ya Kiingereza ni kutawala, kushika hatamu. Mizigo inayokaguliwa ni "they check" au "they inspect". Ukisema "they control the goods", umesema mizigo imo mikononi mwao.

Yaya Nyota: Ee! Na "assist at a meeting"?
— "Attend", yaya. "Assist" ni kusaidia.