Tangi lako litachukua samaki wangapi? Hesabu ya fundi wa vioo, Malindi

"Fundi, humu watakaa thelathini?" Swali hili huulizwa hata silikoni haijakauka. Mimi ni fundi wa vioo, karakana yangu iko Maweni, na kila mwezi huunda matangi mawili matatu ya samaki wa mapambo. Mama aliyeniuliza safari hii alikuwa ameagiza tangi la sentimita 60 kwa 30, kimo 36, vipimo vya ndani. Nikamwambia, "Mama, sita." Alidhani sijamsikia vizuri. Basi nikamvutia kiti, tukapiga hesabu pamoja kwa chaki juu ya meza ya kukatia vioo.

Anza kwa kupima ndani ya tangi, si nje, kwa sababu kioo nacho kina unene wake. Kisha usipime kimo cha tangi, pima kimo cha maji. Changarawe ya chini itachukua sentimita 5, na juu huwezi kujaza hadi ukingoni, acha 3. Katika 36 zimebaki 28. Zidisha 60 kwa 30 kwa 28, upate 50,400. Gawanya kwa 1,000: lita 50 hivi. Kanuni ya zamani ya wafugaji wa samaki wadogo ni lita 2 kwa kila sentimita moja ya mwili wa samaki, mkia hauhesabiwi. Kwa hiyo tangi la mama yule lina nafasi ya sentimita 25 za samaki.

Hesabu ya pili ni ya uso wa maji, na watu wengi huiruka. Oksijeni huingia majini kupitia juu, pale maji yanapokutana na hewa. Samaki wa maji ya uvuguvugu mpe sentimita 30 za mraba kwa kila sentimita ya mwili wake. Samaki wa dhahabu yeye anataka kama 75. Hapa 60 kwa 30 ni 1,800, ukigawanya kwa 30 unapata 60. Hesabu mbili zikitofautiana, shika iliyo ndogo. Kuna mteja aliwahi kutaka tangi jembamba refu kama mnara, 25 kwa 25, maji yapande sentimita 72. Lina lita 45, karibu sawa na lile la mama, lakini uso wake ni 625 tu, yaani sentimita 20 za samaki basi. Ukiwa bado hujaagiza, chagua tangi pana. Refu hupendeza macho ya mgeni, pana humfaa samaki.

Sasa, sentimita zipi? Si za samaki unayemwona dukani kwenye mfuko wa plastiki. Huyo ni mtoto. Hesabu urefu atakaofikia akikomaa. Samaki wa dhahabu unayemnunua ana urefu wa kidole, lakini akitunzwa vizuri yule wa kawaida hupita sentimita 20, na huchafua maji kupita kiasi. Kwenye lita 50 simuwekei mtu hata mmoja.

Halafu kanuni ya sentimita inawafaa wadogo tu. Nenda pale wanapoteremsha samaki ufukweni, mwombe muuzaji aweke changu wa sentimita 30 upande mmoja wa mizani. Upande wa pili weka changu wa sentimita 15. Wawili hawatamwinua. Itabidi uweke kama wanane. Mwili ukirefuka mara mbili, hutanuka na upana na unene vilevile, na ni mwili huo ndio unaokula, unaopumua na unaochafua maji. Kwa hiyo samaki mmoja wa sentimita 10 si sawa na wawili wa 5.

Mpaka hapo mama alikuwa na sentimita 25. Kilichozipunguza ni joto letu.

Maji ya nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8.2 za oksijeni kwa lita. Yakifika 31, na mwezi wa Machi chini ya mabati nimeyapima yakafika, hubeba kama 7.4. Wakati huohuo samaki mwenyewe, kwa joto lile, anahitaji kupumua zaidi. Usiku mimea ya majini nayo hutumia oksijeni badala ya kuitoa. Sasa stima ipotee.

Ilinipata mimi. Kaskazi ilikuwa inakwisha, joto halivumiliki, stima ikapotea saa tano usiku. Tangi langu la nyumbani lilikuwa na samaki 14, na kwa kuwa pampu ya hewa ilikuwa ikinguruma miezi yote ile, niliamini wanatosha. Niliamka kwa adhana ya alfajiri nikawamulika kwa simu. Wote walikuwa juu, vinywa vimegusa uso wa maji, vikifunguka na kufunga upesi upesi, mashavu yamewatanuka. Nikachukua kata, nikawa nachota na kumimina kutoka juu ili maji yavute hewa, nachota namimina, mpaka mkono ukafa ganzi. Walipona watano.

Tangu siku ile nahesabu samaki wa kuweza kuvuka usiku kama ule bila pampu. Matokeo yoyote nayapunguza robo. Katika 25 hubaki 19 hivi. Gapi, yule samaki mdogo wa mapambo, dume lake huwa na sentimita 3: sita, jumla 18. Nasema dume kwa makusudi, kwa sababu jike huzaa karibu kila wiki nne, watoto ishirini na zaidi, na hesabu yote huharibika. Kwa maji ya visima vyetu yenye chumvichumvi, gapi na nduguye moli hustahimili. Neoni, kadogo kale kanakong'aa, usihangaike naye. Na wale warembo wa matumbaweni waache huko huko: Hifadhi ya Bahari ya Malindi inawalinda tangu 1968.

Hata hao sita usiwatie siku moja. Weka wawili, ungoje. Uchafu wao hutoa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye sifongo ya filta. Sifongo hiyo ioshe kwa maji ya tangi lenyewe, maana klorini ya mfereji itawaua bakteria hao. Kila wiki badilisha robo ya maji, kwa maji yaliyolala ndooni wazi siku nzima.

Vijiti vya kupimia maji vitakuambia kama umezidisha: amonia na nitriti ziwe sifuri, nitrati isivuke miligramu 40 kwa lita kabla ya siku ya kubadilisha maji. Huna vijiti, tazama alfajiri kabla ya kuwasha taa. Samaki wakiwa juu wanahema, punguza. Tangi likiwa shwari mwezi wa Julai, wakati wa kusi na ubaridi wake, usiongeze hata mmoja kwa sababu hiyo.

Mama yule aliwachukua sita wake Novemba. Nilimpitia mwishoni mwa Machi, nikapima: nitrati 20, na stima ilikuwa imepotea mara tatu mwezi ule. Kwa kuwa samaki wake walikuwa wamevuka joto na giza salama, nikamwambia sasa anaweza kuongeza wawili: jumla sentimita 24, bado ndani ya zile 25.